Kompyuta Moja, Wenyewe Wawili

Muscat

Mdogo wangu Jumanne,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeiitikia kabisa. Mama goti lake vipi? Na zabibu za mjomba pale Miyuji, mwaka huu zimeshika? Mimi mzima, ila kichwa hakijatulia hata kidogo, na aliyekivuruga ni wewe na hiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, uliyoniagiza.

Kutwa ujumbe: "Dada, chukua ile ya gemu, ndiyo habari ya mjini!" Haya. Jana nimemwomba bosi ruhusa, nikaenda dukani. Nikaishika, nikairudisha. Nikatoka nje, nikarudi tena. Muuzaji, Mwomani mwenye Kiswahili cha bibi yake, akaniuliza, "Dada, unanunua au unafanya mazoezi?" Nikamwambia aniache, haya ni mambo ya ndoa.

Ndiyo, ndoa! Kompyuta ile mchana ni ya wifi yangu Zuhura, anahariri video za harusi. Jioni ni ya vijana wa Chang'ombe yenu ya Dodoma wanaokulipa wacheze gemu ya mpira. Zuhura kanisimulia yote kwenye simu, analia. Siku ya kuvunja kamati ya harusi, watu wamekaa, nyama imeiva, wanangoja kujiona kwenye video, na video haijaisha kwa sababu mkeo ulimkatisha kazi ili vijana wamalizie ligi yao! Kamati nzima ikamgeukia yeye, na wewe ukamwachia lawama. Leo yuko kwao Kondoa, unaniambia "amekwenda kusalimia." Kusalimia gani kwa kubeba mpaka sufuria?

Usingizi sikupata. Leo nimerudi dukani, muuzaji akanieleza taratibu. Ile yako ina viini vichache, yaani akili ndogondogo zinazogawana kazi, ila gemu inaipeleka kasi ajabu. Nyingine ina viini mara mbili, video ndefu inaimaliza upesi, na gemu nayo inacheza vizuri tu. Nikamuuliza, "Skrini ya mdogo wangu ni ya kawaida, hiyo kasi ataiona?" Akacheka, "Hataiona." Basi nimechukua ya viini vingi na feni lake kubwa, maana joto na vumbi la huko nalijua. Kwenye madabodi yako, ule ubao wa ndani ya kompyuta, inakaa, nilimwonyesha picha uliyonitumia.

Usinune. Watu wamezoea kusema wifi ni adui. Mimi safari hii nimeona aliyekosea ni ndugu yangu.

Mama mwambie dawa ya kuchua goti inakuja. Mjomba msalimie sana, nina kazi naye.

Mzigo anakuja nao Bi Asha, mwenzangu wa kazini. Kwao ni Kondoa, kwa hiyo kiboksi hakishuki Dodoma. Nimemwambia akitie mkononi mwa Zuhura, si kwa mtu mwingine. Ukikitaka, njia ya kwa wakwe zako unaijua. Nenda na mjomba akakusemee. Na ukifika, ole wako uanze kwa kuulizia kiboksi.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Mwajabu