Saa Kumi na Saba Kwenda kwa Asnake

Washington

Mdogo wangu Zenebech,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji Kebede na watoto. Goti lako linasemaje? Natumaini mvua zimewahi huko Debre Berhan na shayiri imeshika. Mimi nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Uliniambia kwamba mtu anayetapika kwenye basi la Dessie hawezi kufika Marekani akiwa hai. Basi nimefika, na sikutapika hata mara moja. Kutoka Addis Ababa hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu kumi na moja. Tulitumia saa kumi na saba, pamoja na kusimama njiani kujaza mafuta bila abiria kushuka. Usiku ulikuwa mrefu ajabu, maana tulikuwa tunalikimbia jua.

Pembeni yangu alikaa binti mmoja, Hiwot, anamfuata mumewe. Alilia tangu ndege iliponyanyuka. Nikampa shayiri ya kukaanga niliyobeba, akatafuna huku akiniuliza kwa nini mimi siogopi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa nyumbani, gizani, mvua ikinyesha. Hapa nimepewa hadi mto na blanketi." Akacheka, akalala begani kwangu.

Mhudumu alinishauri nitembeetembee miguu isivimbe. Nikatembea mpaka mzee mmoja akanitania, "Mama, unataka kutangulia kufika?" Nikamjibu ndiyo, nina haraka.

Mwanangu Asnake alinipokea uwanjani. Alikuwa amekonda, uso umevimba, lakini alinibebea mizigo kwa ubishi.

Sasa kaa kitako, mdogo wangu. Sikuja kutembea. Figo za Asnake zilikufa mwaka jana, akawa anaishi kwa mashine. Nilipimwa kimyakimya huko Addis, nikapimwa tena hapa, yangu ikamfaa. Jumanne iliyopita walinipasua, wakaitoa moja, wakampa. Sikukuambia kwa sababu ungening'ang'ania nguo hadi ndege iondoke, na mimi nilikwisha kuamua.

Yeye mwenyewe alikataa kwanza. Alisema hawezi kuchukua kiungo cha mama yake. Nikamwambia, "Mwili wote huo niliutengeneza mimi. Hicho kimoja kinakushinda nini?" Akainama, akanibusu magoti.

Figo inafanya kazi. Zenebech, hujapata kuona madaktari wazima wakishangilia mkojo. Jana Asnake aliomba mchuzi wa shiro wenye pilipili, wakamnyima, akanuna kama alivyokuwa akinuna utotoni. Hapo ndipo nikajua mwanangu amerudi.

Mimi kidonda kinauma nikicheka, kwa hiyo nimemkataza kunichekesha. Daktari akiridhika nitapanda ndege, na sikukuu ya Msalaba tutaila pamoja. Kama ni lazima ulie, lia sasa, umalize kabla sijatua.

Wasalimie wote wa kanisani, na umbusu mama yetu mikono kwa niaba yangu na ya Asnake.

Dada yako akupendaye,
Yeshimebet