Boyi, Miaka Ishirini na Tisa

Lubumbashi, tarehe 3 Machi 2024

Papa mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kalemie, wewe na shangazi, tantine Alphonsine. Mgongo unaendeleaje? Dawa niliyompa Samy akuletee ilifika? Huku mimi ni mzima, ila mvua imeharibu barabara ya shule na wanafunzi wangu wa Kiingereza wanafika na tope mpaka magotini.

Naandika kwa sababu umenikatia simu mara mbili. Barua huwezi kuikata kabla ya kuimaliza, nakufahamu.

Wazee wa mchumba wangu Aristide watakuja kwako mwezi wa tano kujitambulisha. Ni baba yake, Maître Hubert, wakili mwenye jina hapa mjini, na shangazi yake, Mama Francine. Papa, mwaka jana waliponiuliza ulifanya kazi gani, niliwaambia ulikuwa shefu, yaani mkuu, wa stesheni ya reli ya Kalemie. Limeshatoka, halirudi. Nakuomba siku moja tu. Vaa suti, ongea machache. Mambo ya reli unayajua, umeishi nyumbani kwa wakubwa wa reli maisha yako yote.

Usinihukumu haraka. Wewe hukukaa darasa la tatu na watoto wanaokuimbia "mutoto ya boyi" kila unaposimama kujibu swali. Nina miaka thelathini na sita. Nampenda Aristide, na sitaki nimkose kwa ajili ya neno.

Binti yako,
Evodie


Kalemie, tarehe 19 Machi 2024

Mama Evodie,

Salamu nimezipokea, mwanangu. Mgongo uko palepale nyuma yangu, haujahama. Dawa ilifika. Tantine wako anakusalimu na anasema kwenye picha umekonda.

Haya, shefu wa stesheni! Kama ulikuwa unagawa vyeo, kwa nini usinifanye gavana? Shefu wa stesheni namfahamu, mwanangu. Nimepiga pasi mashati yake miaka sita. Alikuwa hajui kufunga tai, nilikuwa namfunga mimi kila asubuhi.

Mimi nilikuwa boyi. Niliingia kwa injinia Mbelgiji mwaka 1968, nikatoka kwa mkubwa wa mwisho mwaka 1997. Wazungu walipoondoka nilidhani neno lile wataliondoa pamoja na masanduku yao. Wapi! Enzi za Zaïre ilikatazwa kumwita mtu monsieur, bwana. Kila mtu akawa citoyen, mwananchi: daktari citoyen, mfagia barabara citoyen. Mimi nikipita na sinia, citoyen mwenye nyumba ananiita, "Boyi!" Nilikuwa na miaka arobaini na watoto wanne. Na mapishi niliyojifunza katika majiko yale ndiyo yaliyooka mikate iliyolipa minerval yako, ada ya shule, hadi ukakijua hicho Kiingereza.

Siwezi kuyaficha hayo chini ya kitanda kwa sababu wakili anakuja. Uongo ni wako, utafutie baba mwingine wa kuuvaa.

Baba yako,
Floribert


Lubumbashi, tarehe 7 Aprili 2024

Papa,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa barua yako imenichoma. Huku tu wazima. Aristide anakusalimu, hajui tunachoandikiana.

Nimefanya kile ninachokijua: nimelitafuta neno lako katika makamusi ya shule. Boy ni neno dogo, herufi tatu, na hata Waingereza wenyewe hawana hakika lilikotoka. Leo kwao ni mtoto wa kiume. Lakini miaka mia saba iliyopita lilikuwa kwanza mtumishi, mtu wa chini. Mtoto alikuja baadaye. Wako wataalamu wanaolifuata mpaka kwenye neno la Kilatini la pingu. Wengine wanakataa, wanasema lilikuwa jina la utani tu. Tangu hapo limevaa nguo nyingi. Mama humwita nalo mwanawe kwa mapenzi. Mtu akishangaa hulitoa kama sisi tunavyosema "Mama yangu!" Wazee waliosoma shule za fahari hujiita hivyo na kujivuna, na mbwa akirudisha mpira husifiwa nalo. Huko Amerika wanaume Weusi wenye mvi waliitwa hivyo na vijana wadogo wa Kizungu. Mwaka uleule ulipoanza kazi, 1968, wazoa taka Weusi wa mji mmoja wa huko waligoma na kuandamana na mabango yaliyosema: Mimi ni mwanaume.

Unaona, Papa? Neno hili si lako. Limepita kwa wengi, wewe ulibebeshwa tu. Mzigo wa kubebeshwa unaruhusiwa kuutua. Utue siku moja, kwa ajili yangu.

Binti yako,
Evodie


Kalemie, tarehe 25 Aprili 2024

Mama Evodie,

Sisi ni wazima. Ziwa limepanda tena na limekula ukuta wa jirani wa kule chini, ila huku kwetu mlimani hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nilimsomea tantine wako. Nilipofika kwenye mbwa alicheka mpaka akakaa chini. Asante kwa habari za pingu. Hizo ningeweza kukueleza mimi bila kamusi.

Lakini mwalimu mzima umesoma ukakosa kusikia. Hao wa Amerika hawakusema neno si letu, tujifiche. Waliandika walivyo, wakatoka barabarani mchana, kila mtu akawaona. Wewe unanitaka nikajifiche ndani ya kofia ya shefu.

Waambie wakwe waje Jumamosi tarehe 18 Mei, saa nane. Nitawapokea. Kupokea wageni nakujua kuliko shefu yeyote wa stesheni.

Baba yako,
Floribert


Kalemie, tarehe 20 Mei 2024

Mama Evodie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi, maana ni ya kusomwa mtu ameketi.

Wageni walifika saa nane kamili. Wazee wetu wa kuwapokea niliwaambia saa kumi, makusudi. Nilivaa lile koti langu jeupe la kazi, tantine wako alilinyoosha kwa pasi ya makaa, nikafungua mlango. Maître Hubert hakunipa mkono. "Patron iko?" akauliza, yaani mwenye nyumba.

"Iko," nikasema. "Muingie, mukae, mukule kwanza."

Mama Francine akanikabidhi mwavuli wake. Hakuna aliyenisalimu, na mimi sikusema uongo hata mmoja. Niliwaandalia samaki wa mikebuka, ugali wa bukari na majani ya sombe, vitambaa vya mezani vimekunjwa kama enzi zile. Wakala vizuri, na wakaongea mbele yangu, maana boyi hana masikio. Mama Francine akasema, "Huyu Evodie miaka imeenda kidogo, lakini ni mutoto ya shefu, iko na malezi. Angekuwa mutoto ya muntu wa chini, tungekatala tangu siku ya kwanza." Maître akacheka, akanyoosha glasi bila kunitazama. Nikaijaza.

Walipomaliza niliondoa sahani. Nikavua koti, nikalikunja, nikavuta kiti mbele yao nikaketi.

"We!" Maître akashtuka. "Unaikala wapi?"

"Ku meza yangu," nikasema. "Patron njo mimi. Floribert, baba ya Evodie. Nilikuwa boyi, na mumekula vizuri."

Mwanangu, ungewaona! Mkwe kumtumikisha baba wa binti ni mwiko, na hata wao wa mjini hawajausahau. Mama Francine alijishika mdomo. Maître akasema nimemtukana. Nikamwambia, "Nimekufungulia mulango, nimekupa chakula, nimekupa maji. Tusi iko wapi?" Ndipo nikamwambia la mwisho: "Mukifika Lubumbashi, mumuulize Evodie yeye ni binti wa nani. Akisema wa shefu, mutafute huyo shefu awape. Mimi siwezi kuoza binti wa mwenzangu."

Wazee wetu walipofika saa kumi walikuta mifupa ya samaki na viti vitupu.

Najua nimekuumiza. Na mimi nimeumia. Lakini msamaha siombi. Jibu liko kwako.

Baba yako,
Floribert


Kalemie, tarehe 30 Juni 2024

Mama Evodie,

Wiki sita, na wewe kimya. Simu hupokei. Samy ananiambia amekuona sokoni, u mzima, na kwamba ulimpa mgongo aliponitaja. Nijibu, hata kama ni kwa tusi. Maneno yangu ya mwezi wa tano nayashikilia yote. Ila wewe ni mtoto wangu, na hilo nalo nalishikilia.

Baba yako


Lubumbashi, tarehe 21 Julai 2024

Papa,

Ni mzima. Msalimie tantine. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hata leo haijaisha yote. Uliwafanyia mchezo wakwe, na mimi ndiye niliyebaki nao mji mmoja.

Jumapili iliyopita waliniita nijieleze. Tulikula kwanza. Nyumba ile ina mzee anayehudumia mezani, mwenye mvi nyingi kuliko zako. Mama Francine akaita, "Boyi, chumvi!" Mzee akaja, akaiweka karibu na mkono wangu. Papa, nimekula katika nyumba ile mwaka na nusu, na sikulijua jina lake. Mimi, niliyelia darasa la tatu! Nikamuuliza mbele yao wote. Akawatazama kwanza wenye nyumba, ndipo akanijibu, "Damien, mama." Niliona aibu, na safari hii haikuwa kwa ajili yako.

Maître akasema, "Haya, Evodie. Wewe ni binti wa nani?"

Nikasimama. "Wa Floribert, boyi wa Kalemie, miaka ishirini na tisa. Aliyedanganya ni mimi, yeye hakudanganya."

Wakanong'onezana. Kisha Mama Francine akasema basi, yaishe, ila kwenye kadi ya mwaliko jina lako liandikwe tupu, bila kazi. Alikuwa na karatasi ya kadi mkononi, na juu yake nikaona: Maître Hubert, wakili. Nikasema kama ni bila kazi, wakili naye atoke. Kama wakili anabaki, boyi anaingia. Aristide alikuwa amenyamaza wiki hizi zote, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kumuaga. Akaichukua ile karatasi kwa shangazi yake, akaandika kwa mkono wake: Floribert, boyi. Nimeitia humu uisome. Haitachapishwa mpaka wewe useme ndiyo.

Mama Francine amesema haji harusini, na nyuma yake wako wengine kumi na mmoja. Wasije. Damien nimemwalika kwa jina lake, na ameniuliza mara mbili kama kweli atakuwa amekaa.

Maître alisema hawezi kurudi Kalemie kuomba mara ya pili. Nikamwambia mara ya kwanza hakuomba, alikula tu. Anakuja tarehe 10 Agosti, na mimi naja naye. Usimfungulie haraka. Mwache asimame nje mpaka akusalimu kwa jina lako.

Binti yako,
Evodie