Majivu kwenye Mihogo

Geita, Novemba 1953

Shikamoo dada Kabula,

Huu ni mwaka wa ishirini tangu niondoke Tinde, nawe bado unaniita nyumbani. Jana mvua ya kwanza ilipita katika moshi wa tanuri la mgodi. Nikaikinga kwa viganja, kama mama alivyotuzoeza, nikanywa: kali kama ukwaju. Leo majani machanga ya mihogo yangu yameungua. Jirani yangu, Mama Shija, akacheka: "Mzee, huku ya kwanza hainywewi! Rudi kwenu ukanywe!"

Nikamwambia, "Nipe majivu ya jikoni kwako."

Akaleta debe zima. Tumeyachanganya na udongo, maana majivu hupunguza ukali, na kesho napanda pingili mpya. Uninywee maziwa ya mgando, dada, na Mungu akutunze. Mimi sirudi.

Mdogo wako