Nguo za Mume Zilivyofunguliwa Forodha

Shoga, usiombe yakukute. Niko nje ya posta.

Si nilikwambia nguo za yule bwana tuliyeachana nazirudisha kwa mama yake, ng'ambo ya bahari, kule visiwani? Nchi ni hii hii moja, lakini kumbe kifurushi kikivuka kwenda kule lazima afisa wa forodha akikague!

Akafungua boksi. Foleni nzima inatazama. Suruali, viatu, mpaka koti la harusi.

"Ni zawadi au biashara?"

Nikamwambia si zawadi wala si biashara.

"Mama, lazima niandike kitu. Ni nini?"

Uzalendo ukanishinda. "Ni vitu vya mume wangu, vinarudi kwao!"

 

Mara nasikia nyuma yangu, "Wifi?"

Dada yake! Foleni hiyo hiyo! Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Afisa hana habari, anagonga muhuri tu: "Mzigo unaorudi kwa mwenyewe haulipi ushuru."

Wifi akaja mpaka kaunta. Nikasubiri kofi. Akalikunja lile koti, akalirudisha ndani, akabana mfuniko kwa mikono miwili.

"Zungusha selotepu ya kutosha, wifi. Lisije likarudi."