Kitenge cha Mama Divine

Jumatano. Asubuhi mvua nyembamba, mawingu yamefunika milima ya Congo.

Mama,

Nimekaa kuandika, nimeinuka, nimekaa tena.

Kile kitenge cha bluu cha Mama Divine, ulichokiacha juu ya cherehani kabla hujakikata, jana Baba mdogo alikichukua. Anataka binti yake Zuhura ashonewe cha kuvaa kwenye harusi ya Jumamosi. Nilimwambia kina mwenyewe. Akacheka: "We mutoto, tangu mama yako afe, nani amekuja kukiuliza? Imekaa hapa, sasa ni halali yetu."

Halali! Ulikuwa ukimaliza gauni, unakusanya vipande vyote, hata kile chembamba kama kidole, unavifunga pamoja na nguo ya mwenyewe. Siku niliyokuomba kimoja nimvishe mwanasesere wangu, ulisema, "Apana Mariamu, si halali yetu," ukaenda ukachana kanga yako. Nikakua nikidhani halali ni tabia, kama kusalimia watu. Tangu uondoke, humu ndani halali ni cherehani, ni kabati, ni nani abebe nini. Wanaitamka huku wameshanyoosha mkono.

Leo nimetoka hapa Kanyosha mpaka bandarini, anakowauzia wapagazi chai Mama Divine. Aliponiona alilia kwanza. Kitenge hakukitaja, nilikitaja mimi. "Ningeingia namna gani mu kilio kudai kitambaa, mutoto wangu? Nilisema ningoje arobaini yenu iishe."

Mkristo, Mama, anangoja arobaini yetu. Na kule kungoja kwake ndiko Baba mdogo alikokuhesabu kuwa amekiacha.

Nikamwambia atakipata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Tangu jioni nampigia Baba mdogo simu, hapokei. Labda Zuhura ameshampa fundi, labda mkasi umeshapita. Nazunguka tu chumbani, naigusa cherehani, nairudia tena.

Kesho kabla ya chai niko mlangoni kwao Kinanira. Kikiwa kizima, nitakibeba kizima. Kikiwa kimekatwa, nitaomba kila kipande, hata wakinicheka, nami nitamshonea Mama Divine hapa kwenye kiti chako. Vitakavyobaki nitavifunga na nguo yake. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Mimi nitajaribu.

Saa sita na robo usiku. Sasa nalala.