Mguu wa Kushoto wa Tata Muamba

Tata mukwe wangu mpendwa,

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, wazee wawili walibishana mbele yangu juu ya mguu wako wa kushoto. Mmoja alisema ile pasi ndefu uliyoipiga katika mchezo wako wa mwisho hapa Kapata, mtaani kwetu Kolwezi, ilikuwa kazi ya mguu wako kweli. Mwenzake akakataa: mtu wa umri ule, goti limevimba, hawezi kuuvusha mpira toka upande huu wa kiwanja hadi ule; ule ulikuwa upepo. Wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeupokea. Niliwajibu kwa ufupi, maana jua lilikuwa kali na binti yako Ngalula alikuwa ananisubiri. Lakini tangu hapo maneno yamenijaa, na mtu wa kuyapokea ni wewe, ingawa umelala kaburini huko Mwene-Ditu, Kasai.

Uliponikuta nilikuwa winga wa kulia, mwembamba, mbio nyingi na akili kidogo. Wewe ulikuwa mtu mzima, baba wa watoto, mchomeleaji katika karakana ya kampuni, na kiungo wa timu yetu tangu nilipokuwa natambaa. Ulikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu kwa moto wa kuchomelea. Siku ya kwanza uliniambia: "Mwana, mi sitakuita. Ukiona nimeinua kichwa, weye kimbia tu. Mupira itakukuta."

Nikakimbia. Mara nyingi haukunikuta. Ulitoka nje, au ulinipita juu ukaangukia kwenye mihogo ya watu, nami nikaenda kuutafuta katikati ya majani huku wenye shamba wakinitukana. Nilipourudisha ulisema, "Aksanti, mwana," kwa adabu, kama mtu aliyeletewa maji ya kunawa. Hakuna mkubwa mwingine katika timu ile aliyewahi kunishukuru.

Kisha ikaja miaka ile mibaya. Posho ya unga ya kampuni ikakoma, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na watu wenye njaa wakaanza kutafuta wa kulaumiwa. Kwenye mikutano wakasema watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama ninyi, warudi kwao. Wewe, ambaye baba yako aliletwa hapa na kampuni kuchimba shaba! Nakumbuka jioni ile ulipomwambia kocha wetu, Tata Numbi: "Banasema turudiye kwetu. Kwetu ni wapi, Numbi? Mi nilizaliwa mu ile nyumba pale." Ukanyoosha kidole kwenye mstari wa nyumba za kampuni. Tata Numbi akaanza kukusanya mipira. Sisi tukamsaidia.

Tulipopangiwa kucheza na timu ya wafanyakazi wa bwawa la Nzilo, nusu ya wachezaji wetu hawakuja. Wengine walikuwa Wakasai walioogopa kutoka nje. Wengine walikuwa watu wetu ambao hawakutaka kuonekana pamoja nao. Wewe ulikuja, viatu vikining'inia shingoni.

"Muamba," Tata Numbi alikuuliza mbele yetu, "ile mupira ya murefu, bado itafika?"

"Uniweke," ulimjibu. "Tutaona wote."

Tuliona. Mpira wa kwanza uliopiga ulikufa katikati ya njia. Wa pili ukatoka nje, na kando ya uwanja kikundi cha vijana kikacheka. Walianza kuimba lile neno la kuwaita ninyi wadudu: "Bilulu! Bilulu banaenda!" Nilikutazama. Ulikuwa unafunga kamba ya kiatu, polepole, kama mtu aliyeko nyumbani kwake. Niliogopa kwamba ukiinama hivyo hutainuka tena.

Uliinuka. Kipindi cha pili mpira ukakujia ukiwa umewapa mgongo wapinzani, goti lako limefungwa kitambaa. Nikaona kichwa kikiinuka. Sikungoja. Nilikimbia bila kutazama nyuma. Nilipogeuza uso mpira ulikuwa juu, unazunguka taratibu, ukashuka mbele ya mguu wangu wa kulia, laini kabisa. Nilichobakiza ni kuusukuma tu wavuni.

Upepo? Siku ile upepo ulitoka upande wa goli lao. Wewe ulipogeuka na mpira, ulikuwa unakupiga usoni. Ndivyo nilivyowaambia wale wazee.

Walipiga makofi, Tata. Hata wale vijana wa kando walipiga makofi, mmoja akaja kukushika mkono. Nilidhani mambo yameisha. Nilikuwa bado na akili za kitoto. Majuma machache baadaye wengi wao walikuwa miongoni mwa waliopita Kapata na fimbo, mlango kwa mlango, wakiwatoa watu ndani. Kwenu walivunja dirisha, wakamwaga sufuria ya maharagwe ya mke wako, Mama Kapinga, katika matope. Nilifika mbio nikakukuta barabarani na godoro kichwani. Ulinisalimia. Ukauliza mama yangu ameamkaje.

Mlikaa stesheni ya Kolwezi pamoja na maelfu ya watu, chini ya vipande vya hema, mkingojea treni iliyokawia kuja. Mvua ilinyesha kila alasiri. Watoto walikohoa, wakaharisha. Wengine walizikwa kabla ya treni kufika. Mimi na mama yangu tulileta maji na bukari ya unga wa mahindi iliyofungwa kwa kitambaa. Baba zangu wadogo waliapa kwamba nikiendelea kwenda huko nisirudi kwao. Mama aliwajibu, "Basi mi pia musinione," akachukua ndoo.

Wote mlijua kwamba sikuja kwa ajili ya maji tu. Mimi na Ngalula tulikuwa tumependana tangu alipokuwa akikuletea shati lako la kubadilisha uwanjani. Siku moja, mvua ikipiga juu ya hema, mama yangu alipiga magoti mbele yako na Mama Kapinga, katika matope yale, akawaomba mnipe binti yenu. Nilitaka ardhi inimeze. Nani huenda kuposa kwa watu ambao ndugu zake wamewafukuza?

Hukukasirika. Ulimgeukia Ngalula. "Ni weye wa kusema. Unapenda kubakia na huyu, ao kwenda na siye?"

Ngalula alinigeukia. "Nitaenda na bazazi yangu," akasema. "Siwezi kuacha mama mu hii hali. Akinitaka kweli, atanifwata."

Ulicheka, Tata. Katikati ya kilio chote kile ulicheka hadi watu wa hema la jirani wakachungulia. "Umesikia, winga? Sasa ni weye wa kukimbia."

Treni ilipowachukua nilibaki nimesimama relini mpaka mama akanivuta mkono. Ulipita mwaka mzima na zaidi kabla sijaweza kuja. Nilisafiri juu ya behewa la mizigo, juu ya magunia, nikishuka na kupanda tena kila lilipoharibika. Mwene-Ditu nikauliza mchomeleaji anayechechemea. Kila mtu alikujua tayari.

Kaka yako mkubwa hakutaka hata nikae. Alisema kwa sauti, uani, mbele ya ukoo mzima: "Utapatia binti yetu mutoto ya bale balitufukuza?" Hakuna aliyemlaumu, hata mimi sikumlaumu. Alikuwa amezika mjukuu njiani. Nilikuwa nimeanza kuokota mfuko wangu wakati uliposema:

"Huyu kijana, mapasi yangu yote alikuwa anaikimbilia. Hata ile ya mubaya."

Kisha ukanipa kiti chako.

Nimekuwa na maisha, Tata, kwa sababu ya kiti kile. Mngeweza kunirudisha mkono mtupu, na haki ingekuwa yenu. Mlinilisha. Kaka yako huyohuyo alinisindikiza kanisani siku ya ndoa, akaninyoosha kola, akasema tu, "Utunze mutoto." Tuliporudi Kolwezi, mambo yalipotulia, hukunionya wala hukuniapisha. Ulimwambia Ngalula ampikie mama yangu vizuri, kwa kuwa alipiga magoti matopeni.

Mara ya mwisho nilipokutembelea, vijana wa mtaa wenu walikuzunguka. Walikuwa wamesikia habari za mguu wako, wakataka kujua kama bado. Nilitaka kuwafukuza. Wewe uliniashiria ninyamaze, ukampa Ngalula fimbo yako, ukaupiga mpira. Haukufika popote. Ulibingirika hadi kwenye mtaro, ukakaa humo. Vijana hawakujua watazame wapi. Ulikaa chini, ukalinyoosha goti, ukaniambia kwa furaha ambayo sijaielewa hadi leo: "Imeisha, Banza. Ilikuwa muzuri, na imeisha." Kisha ukaanza kuwaonyesha namna ya kuinua kichwa kabla mpira haujafika. Wakasahau kwenda kula.

Sikulia ulipokufa, nililia miezi baadaye, nikinywa chai, bila sababu. Leo ninapokuandikia sina machozi. Nina shukrani tu, na ni nyingi kuliko karatasi hii. Ulinikubali mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kunikataa. Sijui kama mimi, katika nafasi yako, ningeweza. Ninajaribu.

Ngalula amesimama nyuma yangu, anasoma. Anasema nisifunge barua kabla ya kukupa habari. Mama Kapinga, ambaye kwenye mazishi yako aliapa kwamba hata maiti yake haitakanyaga tena Kolwezi, ametuma sauti kwenye simu. Tuliisikiliza mara nyingi jana, mama yangu naye akiwa ameinamia simu, mkono sikioni. Mama Kapinga anasema amechoka kukaa mbali na wajukuu. Anasema: "Muniambie chumba yangu iko wapi. Nakuya. Lakini hapana kwa treni."

Mama yangu ameanza kufagia chumba tangu alfajiri. Hataki mtu amsaidie.

Pumzika, Tata. Huku tunamngojea.

Mukwe wako,
Banza