Maua Juu ya Kaburi Tupu

Garret, ndugu yangu wa moyo,

Kabla hujasoma zaidi, funga mlango wa karakana. Nakusihi kwa urafiki wetu, neno la barua hii lisimfikie mtu, hata mama yako. Ukimaliza, itie motoni.

Hujambo? Na kile kidole ulichojitoboa kwa msharasi, kile chuma chako cha kutobolea ngozi za matandiko, kimepona? Mama je, kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya Wales inaingia mpaka kwenye mifupa.

Unajua tajiri yangu, Bwana Hackett mwanasheria, alinituma huku. Usilolijua ni kazi yenyewe. Bondeni hapa wanaishi mabibi wawili wa koo kubwa za kwetu Ireland, Bibi Araminta Tyrell na Bibi Letitia Purdon. Walitoroka pamoja wangali wasichana, wakiwakataa wachumba wote waliotafutiwa, na sasa wana mvi. Kaka yake Bibi Araminta anataka ithibitike kwamba dada yake ana wazimu, amrudishe kwao na kumfungia. Nilitakiwa nijifanye mtafuta hati za mashamba ya kale, nikae kwao kama mgeni, kisha nikaape mbele ya hakimu kwamba nimeuona wazimu huo.

Walinipokea kama mtoto wao. Wanakata nywele fupi, wanavaa buti za kiume, na jioni mmoja humenya njegere huku mwenzake akimsomea kitabu. Kugombana nako hawajambo. Bibi Letitia husema Araminta akitia chumvi kwenye mchuzi, bahari huona haya. Naye hujibiwa kwamba anayelalamika ndiye anayelamba sahani. Mtumishi wao Gwenno aliniuliza mbona nautazama mkate kana kwamba nataka kuushtaki. Nusura nipaliwe.

Jumamosi iliyopita waliniita tufuatane kanisani na ndoo ya chokaa. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, siku ambayo watu wa huku hupamba makaburi ya wafu wao. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wanaosugua mawe na kupiga soga. Mabibi walipiga magoti mbele ya jiwe moja, wakalisugua, wakalizungushia maua ya njano. Nilidhani wamezika hapo ndugu. Nilipokaribia nikasoma majina yao wenyewe, yote mawili, bila tarehe ya kufa.

Garret, hebu fikiria. Hakimu wa kwetu asiyeijua desturi hii angehitaji ushahidi gani zaidi? Wanawake wawili hai wanalipamba kaburi lao tupu!

Niliuliza. Bibi Letitia alieleza kwamba mwaka mzima wao ni majirani kama majirani wengine, lakini siku hiyo, kwa kuwa hawakuwa na mfu hapa, walikuwa wakisimama kando ya ukuta kama wageni. Basi wakaomba mahali pao pa kuzikwa mapema. Bibi Araminta akadakia kwamba anataka kumkosoa mwenzake upangaji wa maua angali na mdomo. Jirani mmoja akapita, akawapigia kelele kwamba mwaka huu nyumba yao imependeza. Walicheka wote. Kisha Bibi Letitia akasema polepole kwamba huko Ireland kuna kaburi la ukoo lenye mlango wa chuma. Araminta akichukuliwa atalazwa humo, naye Letitia atabaki kupamba jiwe lililosema uongo.

Hapo nikajua kwamba wanajua kilichonileta. Bibi Araminta aliniambia bila hasira kwamba mtafuta hati hasahau kuomba hati. Hakunifukuza. Alinipa brashi, akaniambia nimalizie upande wa nyuma, kwani magoti yake yamechoka.

Nikapaka.

Jana nilimwandikia Bwana Hackett kwamba sikuona wazimu wowote, na nikiitwa mahakamani nitaapa hivyo hivyo. Kazi yangu kwake imekwisha. Kaka yule ana mkono mrefu wa kunifikia hata huku, nami naogopa.

Lakini si hofu hiyo inayonifanya nikuombe siri. Nilipokuwa napaka chokaa, nilitaka majina yale yawe yetu. Sasa nimelisema. Siku ile bandarini uliifunga kamba ya sanduku langu, ukaifungua, ukaifunga tena, nami nikasimama kama gogo. Tangu hapo sijaikata. Nachukua nguo kwa kupenyeza mkono pembeni.

Ukichukizwa, nisamehe, na usijibu, nitaelewa. Msalimie sana mama, na yule farasi mzee anayekuuma bega.

Ukitaka kuja, panda meli ya kwenda Milford, kisha gari la farasi la kubeba barua hadi kwenye kinu cha maji chenye gurudumu lililovunjika. Usitaje jina langu njiani. Muulizie Gwenno wa mabibi, useme umekuja kushona tandiko la farasi wa Bibi Letitia. Mshona matandiko wa bonde hili alifariki, na hajapatikana mwingine. Ukija mikono mitupu nitajua umekuja kunisalimu tu, nami nitakukaribisha kwa furaha. Lakini njoo na msharasi wako.

Wako,
Ambrose Kinsella